Kokoto Nyeupe za Songo Mnara

Kokoto yenyewe haikuzidi ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Ilikuwa juu ya kaburi la kale, mahali ambapo lipu ya chokaa imebanduka na mzizi wa mti umejipenyeza, nyeupe kama jino. Nilinyoosha mkono. Kijana aliyekuwa akituongoza akanishika kiganja, kwa upole lakini kwa nguvu.

"Usiiguse, kaka. Hiyo ina mwenyewe."

Nilicheka nikidhani ni maneno ya kuwatishia wageni. Hakuwa na utani. Kisiwa cha Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani, ni matumbawe matupu, na jiwe la matumbawe lina rangi ya majivu na matundu kama mkate wa kumimina. Kokoto ile ilikuwa kitu kingine: ngumu, laini, inapitisha mwanga kidogo ukiielekeza juani. Ni kwatzi, yale mawe meupe ambayo sisi watu wa bara tunayakanyaga kila siku kwenye vijito vilivyokauka. Matumbawe hayazai kwatzi. Kuna mtu aliibeba, akaja nayo hadi pale, akaiweka juu ya kaburi akijua anachokifanya.

Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, walioanza kufukua mji huo mwaka 2009, walikuta kokoto za namna hiyo makaburini, pamoja na sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Walichoelewa ni kwamba watu walikuwa wakirudi makaburini tena na tena, na aliyekuja hakuja mikono mitupu. Wao iliwabidi waandike kurasa nyingi kulithibitisha hilo. Bibi yangu, ambaye kila Shaabani ilipokaribia kwisha alifunga ubani kwenye pindo la kanga akaelekea makaburini, angelithibitisha kwa sentensi moja.

Mimi ni mtu wa Nachingwea, na mama yangu ni wa Ruangwa. Kwetu magofu ni ya juzi. Tunalo tuta la reli ya kwenda Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi ulikufa mwaka 1951 na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa Nachingwea akisikia "mambo ya kale" hufikiria chuma chenye kutu kilichosahauliwa porini. Majumba ya mawe, makaburi yaliyonakshiwa, misikiti ya kuba, hayo tuliambiwa ni ya watu wa pwani, na hao watu wa pwani nao tuliambiwa wametoka ng'ambo. Nilikua na picha hiyo kichwani bila kuigusa. Safari ya Kilwa ndiyo iliyoivuruga, au tuseme safari ile pamoja na mifupa niliyoisoma baadaye.

Njia yenyewe haina hadithi. Nachingwea hadi Ruangwa, Ruangwa hadi Nanganga, Mnazi Mmoja, Lindi, kisha Nangurukuru ambako unashuka na kutafuta usafiri wa Kilwa Masoko. Unachukua kibali, unakodi boti, na ukifika Songo Mnara maji yakiwa yamekupwa unavua viatu na kukanyaga tope kati ya mikoko mpaka magotini. Magofu yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani: misikiti mitano, jumba la kifalme, nyumba za kuishi zipatazo 33, vyote ndani ya ukuta. Mji ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Umri wake wote haukufika miaka 200.

Kilichonishangaza kwanza ni kisima, makaburi yalifuata baadaye. Uko kwenye kisiwa kisicho na mto wala chemchemi, bahari imekuzunguka pande zote, jiwe chini ya miguu lina matundu kama chujio, halafu unakuta kisima cha kale. Maji ya kunywa yalikaaje humo bila kugeuka chumvi?

Jibu unaweza kuliona jikoni. Jaza glasi maji mpaka nusu, ukoroge humo chumvi nyingi. Kisha mimina maji matamu taratibu sana juu ya kijiko ili yasichanganyike. Yatakaa juu, mepesi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu zipatazo 1,025. Ya mvua ina gramu 1,000. Tofauti ni ndogo lakini inatosha. Mvua inaponyesha kisiwani inazama kwenye matundu ya matumbawe, inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, na kuelea juu yake. Chini ya ardhi panajengeka dimbwi la maji matamu lenye umbo la dengu, nene katikati ya kisiwa na jembamba pwani. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake zaidi ya miaka 100 iliyopita, walipiga hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, na huu ndio unaomhusu mtu anayechimba kisima leo Lindi, Mtwara au Unguja. Ukishusha maji matamu kwa mita moja tu, chumvi inapanda kutoka chini kwa mita 40. Mwanamke wa Songo Mnara aliyeteka kwa ndoo hakuweza kuharibu kisima hata angetaka. Pampu ya umeme inaweza, tena kwa msimu mmoja wa kiangazi, na ikishaingia chumvi kuitoa ni kazi ya mvua za miaka.

Kwa maana hiyo Kilwa na Songo Mnara ni ndugu wa miji ya jangwani, ingawa zimezungukwa na maji. Kaskazini ya Madina kuna mahali ambapo Waislamu wengi wanapajua kwa jina la Madain Saleh. Kurani inapataja kwa jina la al-Hijr, na sura nzima imepewa jina hilo. Wanaakiolojia wanapaita Hegra. Ulikuwa mji wa Wanabatia, wafanyabiashara wa ubani na viungo, miaka 2,000 iliyopita. Wamebakiza makaburi makubwa 111 yaliyochongwa ndani ya milima ya mawe ya mchanga, 94 kati yake yakiwa na nakshi. Mafundi walichonga kuanzia juu kushuka chini, ili vifusi visiharibu kazi iliyokwisha. Kilichowaweka pale ni visima, vinavyokaribia 130. Msafara wa ngamia hausimami penye nakshi nzuri, unasimama penye maji. Na jahazi ni vivyo hivyo. Lililoletwa na pepo za kaskazi kufuata dhahabu ya Sofala lilihitaji mahali pa kusubiri kusi ligeuke kurudi, na nahodha wa kutoka Ghuba hakuweza kwenda mbali zaidi ya Kilwa akawa na hakika ya kurudi kwao ndani ya mwaka. Mabaharia miezi kadhaa bandarini wanakunywa maji mengi.

Nao mafundi wa Kilwa walichonga mawe, ila jiwe lao lilitoka baharini. Matumbawe yakikatwa mabichi chini ya maji ni laini, unaweza kuyachonga kwa tezo kama mti. Yakikaa hewani yanakauka na kuwa magumu. Kwa hiyo mihirabu, vizingiti vya milango na vichwa vya makaburi vilichongwa vingali na unyevu. Matumbawe ya zamani ya ardhini yalijenga kuta, na mengine yalichomwa kwa magogo mpaka yakawa chokaa. Hapa kuna mzunguko unaonipendeza: moto unaifukuza hewa ya kaboni kutoka kwenye jiwe, linabaki unga; unga ukichanganywa na maji na kupakwa ukutani unavuta tena hewa ileile ya kaboni, kidogo kidogo, unarudi kuwa jiwe. Kaburi lenye lipu ya chokaa lilikuwa likigeuka kuwa mwamba huku marehemu akigeuka kuwa udongo.

Lakini hakugeuka udongo wote, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kwa miaka mingi kulikuwa na kesi isiyokwisha kuhusu watu waliojenga miji hii. Simulizi za Kilwa zilizoandikwa zamani zinasema alikuja mtu wa Shirazi, Ali bin al-Hasan, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia chote. Wakoloni waliipenda hadithi hiyo kwa sababu zao: iliwapa ruhusa ya kusema kwamba Mwafrika hakujenga kitu, majumba yote ni ya Waajemi na Waarabu. Baada ya uhuru wasomi waligeuza meza. Walichimba wakakuta vijiji vya udongo chini ya miji ya mawe, vyungu vya mtindo wa bara, lugha ya Kibantu, wakasema Ushirazi ni majivuno ya matajiri waliotaka nasaba ya heshima. Mimi nilikuwa upande huu wa pili, tena kwa sauti kubwa.

Tarehe 29 Machi 2023 jarida la Nature lilitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani, yaani Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi yetu, pamoja na Makwasinyi iliyo bara huko Taita. Wengi wa hao walitoka makaburi ya Mtwapa. Wa miji ya pwani waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Esther Brielle na David Reich wa Harvard walishughulikia maabara. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyetumia miongo kadhaa kwenye pwani hii, pamoja na Wynne-Jones na Fleisher, walikuwa kati ya waliosimamia makaburi na maana yake.

Vinasaba tunavijua, lakini kwa sababu mbaya. Vinatajwa mtu anapokataa mtoto, ustawi wa jamii wakaingilia, sampuli zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kanuni ni ileile, tofauti ni umri wa sampuli. Joto ndilo adui. Kwenye nchi za barafu maandishi hayo ya mwili yanahifadhika kama nyama kwenye friza. Pwani yetu yanaoza haraka, na ndiyo sababu habari za Ulaya zilitangulia kwa miaka. Palipopatikana njia ni kwenye meno, na kwenye mfupa mmoja ndani ya fuvu unaozunguka sikio la ndani, mgumu kuliko karibu mifupa yote ya mwili. Humo yanabaki mabaki yaliyokatikakatika, na mashine inayaunganisha kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Walichokisoma kiliziaibisha pande zote mbili za kesi, na mimi nikiwemo. Kwa wengi wa waliozikwa, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao zaidi ya nusu, ilitoka Asia, na katika hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 ilikuwa ya wanaume wa Uajemi. Iliyobaki ilikuwa na asili ya Uhindi. Uarabu ulikuja kuongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi. Ushirazi haukuwa majivuno. Wale wazee waliotuambia wametoka Shirazi, nasi tukawacheka vyuoni, walikuwa wakisema jambo la kweli.

Nimeandika "wanaume" kwa makusudi. Maabara inajuaje kwamba aliyetoka Uajemi alikuwa baba na si mama? Kuna vipande viwili vya urithi visivyochanganyika. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, basi. Kingine kimo kwenye mitokondria, yale majiko madogo ndani ya karibu kila chembe hai ya mwili yanayochoma chakula kuwa nguvu. Kipande hicho hutoka kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini mtoto wa kiume hawapi watoto wake. Kwake yeye inakuwa njia iliyokufa. Wanaume wa makaburi yale walibeba kwa sehemu kubwa kromosomu Y za kutoka Asia ya magharibi. Mitokondria zao zilikuwa karibu zote za Kiafrika.

Nikiwa nimefikia hapo kwenye kusoma, niliweka karatasi pembeni nikamfikiria mjomba.

Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, yaani karibu kila nyumba ya Nachingwea na Ruangwa kwa asili yake, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni baba, anaheshimiwa, lakini neno la mwisho kwenye ndoa, jando au mirathi lilikuwa la mjomba, kaka yake mama. Mwanamume akioa alihamia ukweni, akalima shamba la wakwe, akatazamwa kama anafaa. Mrithi wa mjomba hakuwa mwanawe wa kumzaa bali mpwa wake. Dini, shule na sheria za mirathi zimebadilisha mengi, ila msibani bado utasikia watu wakiuliza mjomba yuko wapi kabla jeneza halijanyanyuliwa.

Sasa itazame mitokondria. Mimi na mjomba tunayo ileile, kwa sababu sote tumeipata kwa bibi. Mimi na baba hatunayo. Watoto wa mjomba hawana ya mjomba, wana ya mama yao. Anayeiendeleza si mjomba bali dada yake, yaani mama yangu, kupitia kwa dada zangu; kwangu mimi inaishia. Ukiichora kwenye karatasi unapata mchoro uleule ambao mzee wa Kimwera angekuchorea kwa fimbo mchangani ukimwuliza nani ni wa ukoo. Sisemi wazee walikuwa na darubini. Nasema tu kwamba mtu wa kwetu akielezwa mitokondria hahitaji mfano wa ziada.

Watafiti nao walilifikiria jambo hili. Maelezo yao ni kwamba wageni wanaume waliingia kwenye jamii ambayo nguvu ya ukoo ilikuwa kwa wanawake, na watoto wakakua kwa lugha na desturi za mama. Ndiyo maana mjukuu wa Shirazi hakusema Kiajemi. Alisema Kiswahili, akaazima maneno machache ya babu, kama bandari na nanga, lakini maji akayaita kwa jina ambalo Mmakonde anayesema medi na Myao anayesema mesi wanaweza kulitambua.

Simulizi moja ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiswahili inasema mkuu wa kisiwa, Mrimba, mtu wa Wamachinga, alimwoza yule mgeni wa Shirazi binti yake, na mjukuu aliyezaliwa ndiye aliyekuja kupewa utawala na babu yake mzaa mama. Nilipoisoma kwanza nikiwa kijana niliiona hadithi ya kupamba. Leo naiona kama taarifa ya kikao cha ukoo.

Mtu angependa kufananisha hili na mkorosho wa kubebesha: shina la kienyeji chini, kikonyo cha mti bora kutoka mbali juu. Nilitaka kuandika hivyo, nikaacha. Mkorosho wa kubebesha hauchanganyi damu. Tawi la juu linabaki la juu, shina la chini linabaki la chini. Binadamu anachanganyika kabisa, kila kizazi upya. Mfano wa karibu ni mkeka. Chukua ukili mwekundu mrefu na mweupe mrefu, suka. Kizazi kinachofuata ufumue, ukate, uunge vipande kwa kubahatisha, usuke tena. Kila mara wekundu unabaki lakini vipande vyake vinazidi kuwa vifupi. Ukipewa mkeka wa mwisho ukapima urefu wa vipande vyekundu, unaweza kukisia umefumuliwa mara ngapi. Kwa hesabu hiyo mchanganyiko wa Waafrika na Waajemi ulianza kufikia karibu mwaka 1000, wakati ambapo Uislamu ulikuwa ukishika pwani.

Kuna swali ambalo mtu wa Nachingwea hawezi kuliruka, na ningeona haya kuliruka mimi. Hasa karne ya 19, njia za kutoka Ziwa Nyasa zilipita nchi hizi kwenda Kilwa Kivinje, na mzigo wake haukuwa pembe tu, walikuwa watu. Tukisikia "baba mgeni, mama Mwafrika" moyo unashtuka. Je, mama hao walikuwa watumwa?

Vinasaba peke yake havijui tofauti ya ndoa na dhuluma, vinaandika mzazi tu. Ushahidi wa upande mwingine ndio unaosaidia. Mchanganyiko huu ulianza mamia ya miaka kabla ya biashara ile ya Kivinje. Miji ilikuwepo kabla ya wageni, ikiwa na wenyewe. Watoto walizikwa makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Na lugha ya mama ilishinda. Watoto wa mtumwa kwenye nyumba ya bwana kwa kawaida husema lugha ya bwana. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba wakazi wengi wa mji walikuwa weusi sana wenye chale usoni. Bibi yangu alikuwa na chale, mistari mitatu kila shavu, na mimi nilikuwa nikiipapasa nikiwa mdogo akinisimulia hadithi. Simfanyi kuwa malkia wa Kilwa. Ila nilipouona mstari ule wa msafiri wa Morocco nilijishika shavu.

Ni lazima kusema pia kwamba makaburi ya mawe ni ya wenye nacho. Mvuvi, mkulima wa mtama na mchukuzi wa maji walizikwa kwingine, kwenye mchanga, bila chokaa, nao ndio waliokuwa wengi. Watu 80 ni mlango uliofunguka kidogo, na waliochunguza watu wa pwani ya leo waliona kwamba damu imeendelea kubadilika tangu wakati huo, kutoka bara na kutoka Uarabuni.

Niliporudi nilipitia Ruangwa kwa mjomba. Ilikuwa msimu, alikuwa ameanika korosho kwenye maturubai uani, amekaa kwenye kigoda akichambua: nzuri huku, zilizotoboka kule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umetoka kwa Waarabu?"

Nilikaa chini nikaanza kuchambua naye, nikamweleza yote. Visima, chokaa, mfupa wa sikio, Shirazi. Nilipofika kwenye mitokondria nilimchorea vumbini. Aliutazama mchoro muda mrefu bila kuacha kazi ya mikono.

"Kwa hiyo mwanamume alikuja, akaoa, akakaa kwa wakwe, watoto wakawa wa kwao mama."

"Ndiyo, mjomba."

"Na hiyo imewachukua miaka mingapi kuijua?"

Nilimwambia na habari ya Hegra, kwa sababu ilikuwa bado inanizunguka kichwani. Mapema mwaka uleule wa 2023, kabla ya matokeo ya pwani kutoka, walionyesha hadharani sura ya mwanamke wa Kinabatia iliyoundwa upya kutokana na fuvu lililokutwa kwenye kaburi la mwambani. Wamemwita Hinat, kwa kuwa juu ya mlango kumechongwa maandishi, ya kama mwaka 60 baada ya Kristo, yanayosema kaburi ni la Hinat binti Wahbu, la watoto wake na uzao wao.

"Na huyu wa Kilwa," mjomba akauliza, "binti wa Mrimba. Yeye anaitwa nani?"

Nikamwambia simulizi imemtaja baba, mume na mtoto. Yeye imemwita binti.

Mjomba aliacha kuchambua. Akaanza kutaja, kidole kimoja kimoja: jina la mama yake, la mama wa mama yake, la mama wa huyo. Kwenye la nne alisita, akalipata. La tano alilitafuta akitazama mkorosho ulio nyuma ya nyumba, akaita kwa sauti kuelekea jikoni, "Dada! Yule bibi wa Mbekenyera, mama wa bibi, tulikuwa tukimwitaje?"

Kutoka jikoni kikasikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini, halafu kimya cha mtu anayekumbuka.